Malkia Hakimbizwi Akiwa Baridi

Bibi hakuwa mtu wa hasira za karibu. Waliomfahamu walisema hasira yake ni kama sufuria kubwa la maharage: utachochea kuni, utasubiri, utachoka, utakwenda hata kuchota maji urudi, na bado kimya. Lakini siku likichemka, mfuniko huruka mpaka dirishani.

Asubuhi ile mfuniko uliruka kwa sababu ya blanketi.

Alikuwa amekuja kwa binti yake kumlea uzazi. Binti huyo alikuwa fundi cherehani, na mtoto wake wa kwanza, kisichana chenye nywele nyingi kama kofia, alitolewa kwa upasuaji. Muuguzi alipowaruhusu kutoka hospitali alisema maneno mawili tu, na Bibi aliyashika kama mtu ashikavyo nauli kwenye kiganja: asinyanyue kitu kizito kuliko mtoto wake, na asikanyage cherehani mpaka mshono upone na daktari aseme mwenyewe kuwa umepona.

Nyumba ilikuwa ya vyumba viwili, katika safu ya vyumba vya kupanga vilivyotazamana, katikati uwanja wa saruji wenye bomba moja na kamba za kuanikia. Chumba cha ndani walilala mzazi, mume wake na kichanga. Chumba cha mbele alilala Bibi, kwenye godoro chini ya dirisha. Na nje ya dirisha hilo, pua yake ikiwa karibu kuugusa ukuta, ililala pikipiki.

Mkwe wake alisambaza mikate. Alfajiri aliichukua kwenye tanuri la mikate, akaijaza katika kasha la bati nyuma ya pikipiki, akaizungusha madukani huku akipiga kelele, "Mkate moto! Mkate moto!" hata mtaa mzima ukamwita hivyo hivyo, Mkate Moto, jina la baba yake likasahaulika. Hakuwa mtu mbaya. Hakunywa, hakupiga, mshahara wa jasho lake aliuleta nyumbani. Bibi aliyahesabu mema yake yote kwa haki, ndiyo maana alinyamaza muda mrefu.

Lakini hiyo pikipiki!

Aliiita Malkia. Kabla hajanawa uso alitoka na kitambaa, akaifuta kiti, akaifuta taa, akaifuta hata zile nyaya ndogo za tairi, moja baada ya nyingine, kama mtu anayemchana mtoto nywele. Kisha akafungua petroli, akavuta choki, akapiga kiki. Pikipiki ikakohoa, ikapiga chafya, ikaanza kunguruma. Na hapo sasa hakuondoka. Aliikalia pembeni, mkono juu ya tangi, akiisemesha.

"Umeamkaje, Malkia? Taratibu mama, taratibu. Hakuna anayekukimbiza."

Moshi ukaingia dirishani ukamkuta Bibi godoroni. Kioo kikatetemeka. Bibi akaamka, akakunja nepi zote za jana, akazipanga, akazipangua akazipanga tena kwa ukubwa, na Malkia bado anapashwa moto. Bibi akakohoa kwa sauti, kile kikohozi cha kumjulisha mtu, lakini mwenye pikipiki alidhani ni Malkia ndiye aliyekohoa, akamrudishia choki kidogo.

Bibi akasema moyoni: mkwe ni yai, ukilibana linapasuka, ukililegeza linaanguka. Akanyamaza.

Jioni moja, wakiwa wamemaliza kula, mkwe wake alijikuna shingo, akamwambia mkewe, macho yakiwa kwenye sahani, "Shule zinakaribia kufunguliwa. Kila duka ninalopita naulizwa habari za sare. Wengine wameshaanza kwenda kwa yule fundi wa ng'ambo ya barabara. Nimefikiri kesho nikimaliza mikate ya kwanza nije nikupakie, nikupeleke kibandani kwako. Ukae kae tu. Ukanyage cherehani kidogo kidogo."

Mkewe alimtazama mtoto, akamfunika kidole cha mguu ambacho tayari kilikuwa kimefunikwa.

"Baba," Bibi akaanza, sauti yake ikiwa imekunjwa vizuri kama zile nepi, "muuguzi si alisema..."

"Najua, Mama. Lakini hata kulala sana ni ugonjwa. Mwili ukiuzoesha kitanda, unakidai."

Bibi akalimeza jibu hilo. Lilishuka kwa shida, kama kidonge bila maji. Pikipiki hiyo, barabara ile ya mashimo, kisha ashuke akakae kwenye stuli akanyage chuma kwa miguu miwili, na tumbo lenye uzi mbichi! Akageukia ukuta kwenye godoro lake, akalala na maneno yake yote.

Asubuhi akatoka mapema kuwahi bomba. Ndipo akaliona.

Lilikuwa blanketi lake. Lile la maua makubwa mekundu, alilolichagua mwenyewe kwa mchuuzi, akalibeba mapajani safari nzima asije mtu akalikalia, akamkabidhi binti yake na kumwambia, "Mzazi asipigwe na baridi." Sasa lilikuwa limetandazwa juu ya Malkia. Limefunika injini, limefunika tangi, pembe zimefungwa kwa kamba ili upepo usiliinue. Ua moja kubwa lilikaa juu kabisa ya kiti, limechanua.

Bibi akatua ndoo.

Mkwe wake akatoka, kitambaa mkononi. "Shikamoo, Mama."

"Marahaba." Neno lilitoka likiwa kavu.

Yeye hakuliona hilo. Akalifungua blanketi, akalikunja, akaliweka kwenye kasha, akafuta, akavuta choki, akapiga kiki. Malkia akakohoa, akakubali. Akaketi pembeni yake. Bibi akasogea, mikono nyuma.

"Baba, nieleze na mimi niliyeishia shule ya msingi. Kila siku naona unaingurumisha na huendi. Kwa nini?"

Hakuna kitu kinachomfurahisha mwanamume kama kuulizwa kuhusu chombo chake. Uso wa Mkate Moto ukafunguka.

"Mama, sikiliza. Injini ikilala usiku kucha, oili yote inashuka chini. Vyuma vya juu vinabaki vikavu. Ukiwasha ukaondoka mbio hapo hapo, vinasagana. Leo huoni kitu. Kesho huoni kitu. Siku moja unashangaa inatoa moshi, mlima haipandi, unaambiwa ifunguliwe mashine nzima."

"Hata kama wenye maduka wanakupigia simu?"

"Wapige! Mkate haujawahi kufa kwa kusubiri. Malkia hakimbizwi akiwa baridi."

Mlango wa jirani ukafunguka, akatoka Fundi Spana, mswaki mdomoni, povu kidevuni. Huyu alitengeneza pikipiki chini ya turubai mbele ya nyumba, na neno pikipiki likitajwa hata ndotoni aliamka kulichangia.

"Usimdanganye Bibi," akasema. "Nimekwambia mara ngapi? Ikiwaka, mlio ukitulia, rudisha choki uondoke. Ila ondoka polepole, usiivute. Injini inapata moto vizuri ikitembea taratibu, siyo ikisimama ikikohoa. Wewe unachoma petroli bure, na plagi inajaa masizi."

"Spana unatafuta kazi wewe. Unataka iharibike uifungue."

"Ningetaka kazi ningekwambia uikimbize, mjinga wee!"

Wakacheka. Wanawake waliokuwa wakisubiri bombani wakacheka pia. Bibi peke yake hakucheka. Alisubiri wamalize, kwa subira ileile, akauliza tena.

"Na kama imefunguliwa? Tuseme imepasuliwa kabisa, ikatolewa vya ndani, ikafungwa upya. Siku hiyo inabeba mikate?"

"Haa!" Mkate Moto na Spana wakasema pamoja, kama waliokanyagwa.

"Hiyo ndiyo unaibembeleza, Mama," mkwe wake akasema. "Mwendo wa kinyonga. Hubebi mzigo, hupandi mlima, hupiti kwenye mashimo. Mpaka vyuma vizoeane. Sivyo, Spana?"

"Ndivyo. Hapo hata mimi nakubali. Ukiilazimisha umeiua."

Bibi akanyoosha mkono, akauzungusha ufunguo, akauchomoa. Malkia akanyamaza katikati ya neno.

Maji yalikuwa yakimwagika juu ya ndoo iliyokwisha jaa na hakuna aliyeyafunga.

"Umesema kwa kinywa chako," Bibi akasema. "Mimi sikuongeza chumvi. Chuma kikifunguliwa kinabembelezwa. Hakibebi mzigo. Hakipiti mashimoni. Na mwanangu je? Mwanangu si alifunguliwa? Walimpasua hapa mpaka hapa, wakamtoa mtoto mzima mwenye nywele, wakamfunga kwa uzi! Na jana, mbele yangu, mimi niliyemzaa, unasema umpakie hapo nyuma kwenye kasha la mikate, umrushe rushe barabarani, umfikishe akakanyage cherehani! Kidogo kidogo! Hilo kidogo kidogo lako mbona hukumwambia Malkia? Mbona yeye humwambii kulala sana ni ugonjwa?"

"Mama, binadamu si pikipiki."

"Nashukuru umelijua! Nilidhani hujalijua! Pikipiki ikifa Spana yupo hapa na mswaki wake. Mwanangu mshono ukifumuka nimwite Spana?"

Spana akautoa mswaki mdomoni, akaukung'uta, akaanza kuurudia mlango wake kinyumenyume.

Mkate Moto alikuwa amesimama sasa. Masikio yalimwiva. "Mama, kwa heshima zote, naomba ufunguo. Mikate inasubiri."

"Mkate haujawahi kufa kwa kusubiri."

Kicheko kililipuka bombani, na hicho ndicho kilichomchoma. "Mama, unaniaibisha nyumbani kwangu! Kwani mimi najitakia? Wateja wake wananishika mimi shati barabarani: mke wako vipi, sare zetu vipi, alituahidi. Yeye mwenyewe ndiye aliyepokea vitambaa vyao kabla hajajifungua! Kibanda kikikosa mtu msimu huu, mwakani wote wamehamia ng'ambo. Kibanda alikijenga yeye, Mama, kwa mikono yake. Mnataka aamke hapo kitandani akute hakipo?"

Hilo Bibi hakulijua, habari ya vitambaa. Lilimgusa mahali. Lakini alikuwa amekwisha panda kilele cha hasira yake, na kutoka huko kuteremka si kazi ya neno moja.

"Na blanketi!" akasema, akilivuta kutoka kwenye kasha, maua yakafunguka mbele ya watu. "Hili nalo lina maelezo? Nimelibeba kama yai kumletea mzazi, wewe unaenda kulivika tangi la petroli! Mke anatetemeka ndani, Malkia kajifunika maua!"

Mkate Moto akafungua mdomo. Akaufunga. Akatazama chini, kwenye viatu vyake, jambo ambalo lilimshangaza Bibi, maana alikuwa amejiandaa kwa jibu.

"Nimempa mimi."

Binti yake alikuwa mlangoni. Mkono mmoja ameshika fremu, mwingine ameuweka tumboni, chini kidogo, pale panapouma. Ndani mtoto alikuwa ameanza kulia, kile kilio cha kuuliza tu, bado si cha kudai.

"Rudi ndani mwanangu, upepo..."

"Nimempa mimi, Mama. Linanikwaruza. Tangu siku ya kwanza linanikwaruza shingo, mtoto naye likamtoa vipele. Nilishindwa kukwambia, maana kila ukiingia unauliza, blanketi linakufaa? Nikalisukumia chini ya kitanda. Yeye alilikuta anafagia, nikamwambia chukua, funika pikipiki yako. Akaniuliza, Mama je? Nikamwambia Mama hataona."

Bibi akalitazama blanketi. Blanketi likamtazama kwa maua yake yote.

"Basi," Mkate Moto akasema polepole, "mimi nilikuwa..."

"Na wewe nyamaza." Sauti ya binti haikuwa kubwa. Hakuweza kuipandisha, tumbo lingevuta. Lakini ilikuwa na makali ya mkasi wake wa kazini. "Mmemaliza? Maana nimewasikiliza wote wawili kupitia hilo dirisha. Wewe unasema nikakanyage cherehani. Mama anasema nisivuke kizingiti, hata choo nasindikizwa, hata kumbeba mtoto wangu naambiwa ngoja kwanza. Mmoja ananikimbiza, mwingine ameniegesha. Tangu nitoke hospitali, kuna mtu yeyote humu ameniuliza mimi nataka nini? Pikipiki inaulizwa! Kila asubuhi ya Mungu nalala pale nasikia: umeamkaje, Malkia? Mimi je? Mimi nimeamkaje?"

Mwanamke mmoja bombani akafunga maji.

"Spana, usijifiche. Nakuhitaji."

"Nipo, shemeji," Spana akasema, nusu yake ikiwa ndani ya mlango.

"Mimi kwenye pikipiki sipandi. Barabara ile naijua hata nikiwa mzima inanitoa machozi. Cherehani ndiyo itakuja. Mtaenda kibandani mkifungue kile kichwa cha mashine kwenye meza yake. Ndani ya droo kuna mkono wa kuzungushia, wa zamani, una kutu kidogo. Utaufunga pembeni kwenye gurudumu. Unaweza?"

"Hiyo ni bolti moja tu, shemeji."

"Haya. Mezani hapo ndani nitakaa kwenye kiti chenye mto, nitaongoza kitambaa. Kuongoza ni kazi ya vidole, na vidole havikupasuliwa. Nikichoka, nitasema nimechoka, na hakuna atakayeniambia nijikaze, wala atakayenikatalia kurudi nikishapumzika. Lakini kuzungusha sizungushi, kunavuta tumbo." Akageuza macho. "Atazungusha yule aliyekuwa na haraka."

Watu wote wakamtazama Mkate Moto. Yeye akaitazama mikono yake, kama ameletewa mipya.

"Na wewe Mama, vifungo."

"Mimi? Mwanangu, macho yangu haya..."

"Macho yaliyoona blanketi kabla jua halijatoka yatashindwa kuona tundu la sindano?"

Bombani wakacheka tena, na safari hii Bibi mwenyewe alihisi mdomo ukitaka kumsaliti, akaubana. Akalirudisha blanketi kwenye kasha, akampa mkwe wake ufunguo. Hakuurusha, hakumwekea begani. Alimpa mkononi, na mkwe akaupokea kwa mikono miwili.

Mkate Moto akapiga kiki. Malkia akawaka mara moja, kwa kuwa alikuwa na vuguvugu bado. Mkono ukaenda kwenye tangi kwa mazoea, akataka kuisemesha, akakumbuka anatazamwa. Akarudisha choki, akaondoka polepole kabisa, bila kuivuta, mpaka kwenye geti. Spana akatikisa kichwa kama mwalimu ambaye mwanafunzi wake amefaulu mtihani wa mwaka juzi.

Mchana, mikate ilipokwisha, kichwa cha cherehani kikaja ndani ya kasha la bati, kimezungushiwa blanketi la maua kisigongwe na mashimo. Spana akaufunga ule mkono. Binti wa Bibi akaketi, mto mgongoni, akapitisha uzi, akalaza kitambaa cha buluu chini ya sindano, akakinyoosha kwa viganja vyote viwili. Bibi aliona mabega ya mwanawe yakishuka, yale mabega yaliyokuwa yamekaa masikioni tangu hospitali, akajifanya anatafuta mkasi.

"Zungusha."

Mkate Moto akazungusha kama anayempandisha Malkia mlimani. Mashine ikalia, kitambaa kikapinda, uzi ukakatika.

"Wee! Mwendo gani huo? Injini baridi hiyo!" mkewe akamkemea. "Haijaguswa tangu nijifungue. Oili imeshuka chini."

Spana aliegemea mlango akacheka mpaka akajishika mbavu. Mkate Moto naye akakunja uso, akakunjua, akacheka kwa shingo upande. Akazungusha tena, taratibu. Sindano ikatembea. Mshono ukatoka umenyooka, mdogo mdogo, na mwenye mshono mwingine tumboni akauinamia akiutazama kwa karibu. Walishona mpaka aliposema nimechoka. Aliposema, mkono ukasimama papo hapo, hapakuwa na mjadala.

Bibi alishona vifungo huku akinung'unika. Kimoja alikishona juu chini, akakifumua, akamlaumu aliyekitengeneza.

Asubuhi iliyofuata, Bibi akiwa godoroni alisubiri kiki. Hakuisikia. Badala yake alisikia, kupitia pazia la chumba cha ndani, sauti ya mkwe wake.

"Umeamkaje?"

Binti yake hakujibu upesi. Alikuwa na haki ya kutojibu upesi. "Bado naamka," akasema mwishowe.

"Haya. Nipo."

Nje, Malkia alisimama baridi, umande kwenye kiti, hajafutwa. Simu ya mkate ikalia, ikanyamaza, ikalia tena. Bibi alifungua mdomo aseme, baba, wenye maduka hao, akaufunga. Akalisogelea blanketi, lililokuwa limekunjwa kwenye kiti pembeni ya godoro, kwa mara ya kwanza akalipitisha shavuni mwake, mbele na nyuma.

Lilikwaruza. Kama mfuko wa saruji!

"Laini kama pamba, aliniambia!" Bibi akasema peke yake, akikaa wima godoroni, sufuria likianza upya kutokota. "Aliniapia, akashika na kifua! Mchuuzi yule, ngoja nirudi. Ngoja tu nirudi!"

Akatoka nalo nje, akaitupia pikipiki mgongoni, akalivuta pembe moja ili lifunike injini vizuri.

"Shika wewe," akaiambia. "Wewe una ngozi ya bati."